Shajara ya masikio: mpiga besi wa Tanga na iafoni za kupimisha

Kwanini nimeingia huku

Mi mpiga besi. Bendi yetu inapiga harusi na shughuli hapa Tanga mjini, mara mojamoja Muheza na Pangani, taarab kwa wingi, dansi kidogo, na bwana harusi akiwa katokea Dar basi na bongofleva mtapiga mtake msitake. Na kupiga besi kwenye taarab ya Tanga si jambo la kubabaisha, wazee wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, ndo walioiingiza besi na magitaa ya umeme kwenye taarab ya huku miaka ya 60 na 70, mpaka leo mama wa Ngamiani akisikia besi imelegea anageuka kukutizama wewe, mwimbaji hamtizami.

Tatizo letu jukwaani ni lilelile la bendi zote, monita ya sakafuni, ile spika inayomrudishia mpigaji sauti yake. Mpiga dramu yuko nyuma ya sikio langu la kushoto, mpiga kinanda anaomba aongezewe, akiongezewa mi sijisikii, naomba na mi, mwimbaji nae anaomba, mpaka fundi mitambo anakata tamaa anakaa zake anakunywa soda. Nikirudi nyumbani masikio yanalia wiiii mpaka adhana ya alfajiri. NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema kelele za desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti) mtu asizidishe masaa 8 kwa siku, na kila zikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu, piga hesabu mwenyewe, desibeli 100 ni dakika 15 na kwisha habari. Dakika 15 kwenye harusi ya Tanga bibi harusi hata hajatoka saluni.

Njia nyingine ni iafoni, vispika vya kuchomeka sikioni vinavokuletea sauti ya bendi badala ya monita. Nilishajaribu zile za vipira vya kawaida. Joto la huku unalijua, wimbo wa pili tu jasho limeingia, kipira kimeteleza, besi imeenda. Ndo nikaamua kupimisha, yani ganda zima linatengenezwa kufuata sikio lako wewe na si la mtu mwingine yeyote. Wenzetu wameanza zamani, mwaka 1995 fundi mitambo wa Van Halen, bendi ya roki ya Marekani, Jerry Harvey, alimtengenezea iafoni mpiga dramu wao Alex Van Halen maana kelele za jukwaani zilikua zinammaliza, na hapo ndo ilipotokea kampuni ya Ultimate Ears. Bei ya zangu sitaji, mama yangu siku hizi ana simu janja na anasoma kila kitu.

Kuhusu sauti nitasema kidogo sana. Hapa naandika mkao, zinavoingia, zinavobana na zinapovuja, maana hilo ndo lililonila muda.

Kupimwa, Dar

Nimeenda kwa mtaalamu wa masikio anaewapima watu vifaa vya kusaidia kusikia, kazi ni ileile tu. Kwanza kachungulia na kile kitochi chao, tundu likiwa na nta nyingi unasafishwa kwanza, langu la kulia lilikua halina neno, la kushoto akatoa nta kidogo. Alafu akachukua kisponji kidogo chenye uzi akakisukuma ndani taratibu mpaka kikavuka kona ya pili ya tundu. Kisponji hicho ndo kinazuia silikoni ya kuchukulia umbo la sikio isiende kugusa ngoma ya sikio, na uzi ni wa kukivutia nje baadae. Kuna kona mbili humo ndani jamani. Tundu lote kwa mtu mzima lina kama milimita 25, theluthi ya nje ni gegedu, inalegea ukiishika, huko ndani kuliobaki ni mfupa uliovikwa ngozi nyembamba mno. Aliponigusa pale kwenye mfupa nikakohoa. Akacheka, akasema usishangae kaka, kuna mshipa wa fahamu una tawi hapo, wengine tukiwagusa tu wanakohoa.

Akanipa kipande cha kung'ata, meno ya juu na ya chini yasikutane. Nikamuuliza cha nini. Akaniambia tia kidole kidogo sikioni, fungua mdomo, funga. Na wewe unaesoma jaribu sasa hivi. Umesikia ukuta wa mbele unavotembea? Kichwa cha taya kimekaa pale pale mbele ya tundu, ukifungua mdomo kinasogea na tundu linabadilika umbo, kwa watu wengi linapanuka. Kwahiyo mtu akichukuliwa kalibu, yani lile umbo la ndani ya sikio, mdomo umefungwa, siku akiimba iafoni inakua ndogo kuliko tundu. Mi si mwimbaji lakini naitikia, kwahiyo nang'ata.

Silikoni ni za rangi mbili, anazikanda pamoja zikawa rangi moja, anazisokomeza kwenye bomba lisilo na sindano, anajaza kuanzia ndani kuja nje mpaka sikio lote limefunikwa. Ni ya baridi. Sauti za mtaa zilizimika upande mmoja, kwanza bodaboda, alafu watu, mwisho feni ya juu. Dakika kama 5 hivi ikaganda, akaitoa kwa kuizungusha. Nikaipokea mkononi, ina kona zake mbili, ina ule mfereji wa sikio la juu, na kwenye ncha kisponji kimeng'ang'ania. La kushoto limejikunja zaidi kuliko la kulia, wazi kabisa ukiziweka pamoja mezani. Naona masikio yangu hayakutoka kiwanda kimoja.

Kalibu zikatumwa nje kwa mtengenezaji. Kule wanazipiga skani, wanatengeneza ganda la akriliki, plastiki ngumu, kwa printa ya 3D, humo ndani wanapanga vispika vidogo na vimirija, wanafunika. Hapo kazi yako ni kusubiri na kujibu mama anapouliza mzigo gani huo.

Zimefika

Nimezifata posta. Nzuri, zinang'aa, nyekundu ya kulia buluu ya kushoto. Nikazikimbiza nyumbani, nikakaa mbele ya kioo, na hazikuingia.

Sijui nielezeje. Kwenye sikio zinaonekana zinalingana lakini zinagoma mlangoni. Mpwa wangu alikua pembeni anakula ubuyu akaniuliza mjomba zile za kwako kweli au wamekosea mtu? Swali la haki.

Kumbe zinaingia kwa mzunguko. Hivi ndo ninavofanya sasa. Naanza na ganda limelalia mbele, upande wa shavu, ncha ikitafuta tundu, mkono wa pili unapita juu ya kichwa unalivuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ncha ikishaingia ndo nalizungusha ganda kurudi nyuma mpaka ile sehemu ya juu ikajichomeka chini ya kunjo la sikio. Hapo nasukuma kidogo na kidole, nameza mate, imekaa. Na usiwe na haraka, ukisukuma kwa nguvu hewa inabanwa ndani na ngoma ya sikio inalalamika, unasikia ule uzito unaousikia basi likiwa linashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kutoa ni hivyo hivyo kinyumenyume, zungusha kwanza hewa ipate njia, na ushike ganda. Waya usiuvute. Waya una pini mbili nyembamba mno na ndo sehemu ya kwanza kufa.

Fundi aliepima alinipa kitubu cha jeli ya kulainisha, tone dogo tu kwenye ncha. Siku za mwanzo ilisaidia sana, sasa hivi siitumii. Mafuta ya nazi nimeshauriwa na shangazi, nimemuitikia kwa heshima na sikuyapaka, mafuta yakiingia kwenye matundu ya sauti huko ndani hayatoki kirahisi.

Kichwa kimekua pango

Usiku huohuo nimekaa nazo bila kuwasha kitu. Mama ananiita toka jikoni, nikaitika "naam", na hiyo naam ikalia ndani ya fuvu langu nene kabisa, nikadhani kuna mtu mwingine kaitika. Nikitembea nasikia visigino. Nikimeza nasikia. Hata shingo ikigeuka kuna kitu kinasugua.

Maelezo yake nilipewa kule Dar, unapoongea mtikisiko unapita kwenye mifupa na gegedu unafika mpaka kwenye tundu la sikio, siku zote zile sauti nene zinatokea nje kwa mlango uliowazi, sasa umeuziba mlango zinabaki humo zinaigonga ngoma yako. Ganda likifika kule kwenye mfupa tatizo linapungua kwasababu mfupa hautikisiki kirahisi ivo, ganda likiishia kwenye gegedu ndo unakua na pango. La kulia kwangu liko vizuri. La kushoto, lile lenye kona kali, lina pango zaidi, na nadhani ni kwasababu ncha yake ni fupi kidogo, kona haikuruhusu.

Nimejiwekea utaratibu, nusu saa bila mziki, naosha vyombo nazo, nafagia nazo, naongea nazo na simu. Baada ya muda ubongo unazoea sauti yako mpya. Ngozi nayo inazoea. Watengenezaji wenyewe wanasema mpe mtu wiki moja mbili kabla hajalalamika, na wengi wanakupa kama mwezi wa kurekebishiwa bure, ila huo mwezi wanauhesabu wao, mzigo ukisafiri kutoka Tanga na kurudi umeshakula sehemu yake.

Karanga na E ya chini

Hii ndo sehemu niliyokua naisubiri kuiandika.

Waya wa chini kabisa wa besi, ile E, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Kwenye vispika vidogo hivi sauti nene namna hiyo inasimama kwa sharti moja tu, hewa isivuje. Kikitokea kijitundu hata cha unywele hewa inatoroka, E inakufa, kinachobaki ni kucha zangu kwenye nyuzi. Kwahiyo nikafanya jaribio. Nikachomeka besi, nikaiacha E ilie, alafu nikaanza kucheza na uso wangu mwenyewe.

Mdomo umefungwa, E ipo pande zote mbili. Mdomo nusu, ipo, na hata imenona, hapo ndo nilipopimiwa. Mdomo wazi kabisa, kulia ipo, kushoto imeondoka. Kugeuza shingo kulia, zote zipo. Kugeuza kushoto, ya kushoto inayumba. Kuinua nyusi, hakuna kinachobadilika. Kutabasamu, ya kushoto kwaheri.

Nikaleta karanga. Nikatafuna huku E inalia, ikawa inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, kila taya likishuka besi ya kushoto inazimika na likipanda inarudi, yani nimejitengenezea efekti ya sauti bila kununua pedali, kile kikanyagio cha wapiga gitaa. Mpwa akataka kujua nacheka nini, nikamwambia nala karanga, akaomba zake.

Nimejua pia kwamba ukizichomeka na kukaa kama dakika kumi alafu ukazisukuma tena kidogo, zinaenda ndani zaidi, zinatulia. Sasa hivi nazivaa kabla hatujaanza kupanga vyombo, naachia mwili upashe moto, kabla ya wimbo wa kwanza nabonyeza tena. Uvujaji wa kushoto umepungua kwa namna hiyo tu, bila kurudisha kitu.

Jumamosi, harusi

Fundi mitambo kaniwekea kifaa cha kiunoni cha kupokea sauti na kanifungia limita, kizuizi cha sauti isipande ghafla, maana maiki ikipiga yowe na wewe umeziba masikio huna pa kukimbilia. Nikaanza na volyumu ya chini kabisa. Ile mara ya kwanza dramu zinapigwa nyuma yangu na mi nasikia kwa mbali, aisee. Ganda la akriliki likikaa sawasawa linakata desibeli zaidi ya 20 za nje. Besi yangu nimeisikia kila noti, nimejua kumbe mpiga kinanda ana mkono wa kushoto mzito ananiingilia huku chini siku zote hizi. Nitamwambia, ila si leo.

Alafu likaja la kutabasamu. Huwezi kupiga harusi umenuna. Mama wa bibi harusi anapita mbele yako anacheza, unamchekea, na ukimchekea besi ya kushoto inaondoka. Nikawa nacheka mdomo umefungwa. Picha zilizotumwa kwenye grupu la bendi naonekana nimeng'atwa na kitu.

Na jambo la pili ni zito zaidi. Taarab haiendi kwa hesabu ya bendi peke yake. Watu wanainuka kwenda kumtunza mwimbaji, mstari umemchoma mtu, vigelegele vinapanda, mwimbaji anaurudia ule mstari mara tatu mara nne, na sisi nyuma tunajua kuzunguka palepale kwasababu tunausikia ukumbi. Mi nimezibwa. Naona akinamama wanainuka na noti mkononi lakini sisikii kitu, nimebaki na besi yangu safi ndani ya chumba chenye pazia. Kuna mahali mwimbaji alirudia beti na mi nlishakua naelekea kwenye kiitikio, nikajirudisha kwa kuangalia mkono wa mpiga dramu. Mzee wa bendi akaja mapumziko, "Mwanangu, upo na sisi?" Nikamwambia nipo mzee.

Dawa ya haraka wengi wanayotumia ni kutoa moja ibaki inaning'inia. Nimekataa. Sikio lililobaki peke yake linaona sauti imepungua, mkono unaenda kwenye volyumu wenyewe, na lile lililo wazi limebaki mbele ya dramu bila ngao. Ni kulipa hela ya kinga alafu ukaumia mara mbili.

Pametoka alama

Asubuhi kunauma. Tundu halina shida, ni juu, pale ganda linapojichomeka chini ya kunjo, upande wa kushoto tena, kuna mstari mwekundu na ukigusa unaruka. Kubanwa kidogo siku za mwanzo ni kawaida, ngozi inakua nyekundu ukitoa inarudi. Ila sehemu moja ikiuma pale pale kila unapovaa, na mpaka kesho yake bado inauma, hiyo si ya kuzoea, hapo ganda limezidi.

Lakini limezidi wapi? Kwa macho huoni. Dada yangu ndo alieleta akili, akachukua lipstiki yake, akanipaka pale penye mstari mwekundu taratibu, nikaivaa iafoni, nikaitoa. Kwenye akriliki kukabaki alama nyekundu ndogo, ukubwa wa punje ya mchele, pembeni kabisa ya ile pembe ya juu. Tukafuta, tukarudia, alama ikatokea palepale. Nikaizungushia kwa kalamu ya maka. Dada akadai lipstiki mpya, anasema hiyo imeshaingia sikioni kwangu haitumiki tena.

Kuna mtu wa bendi kanishauri nipeleke kwa fundi wa meno ya bandia mjini hapa, maana akriliki ni akriliki, atakwangua na kung'arisha dakika tano. Wazo si baya na mkono wao ni mzuri. Ila meno ya bandia ni akriliki mpaka ndani, hizi ni ganda jembamba na ndani kuna vispika, ukilitoboa hakuna kurudi. Nikaona bora anaeshika vya masikio kila siku.

Dar tena

Njiani nikazivaa. Nisafiri bure kwanini. Segera basi limesimama, nawaona wauza machungwa na korosho wanapunga mikono dirishani midomo inatembea, sauti hakuna. Konda kaniita sijui mara ngapi, mpaka abiria wa pembeni kanigusa bega, na konda keshakasirika, "We bro unajifanya husikii?" Nikazitoa nikamuonesha. Akazishika akazigeuza, akasema hizi za usalama wa taifa. Basi zima likanigeukia.

Yule mtaalamu kaangalia alama yangu ya maka, kaangalia sikio, kacheka kuhusu lipstiki, akasema wao wana dawa yao maalumu ila kazi ni hiyohiyo. Ana kijimashine cha kuzunguka, jiwe dogo la kukwangulia alafu kitambaa cha kung'arishia. Kakwangua kidogo, kanipa nivae nitafune, katoa, kakwangua tena. Anaenda polepole makusudi, maana ile pembe ndo inayolishikilia ganda lisizunguke, ukiimaliza yote maumivu yanaisha na iafoni inadondoka. Alipomaliza kulikua hakuna tofauti ya kuonekana kwa macho. Sikioni tofauti ni kubwa.

Kuhusu kuvuja kwa kushoto tumejadili. Kuna njia ya kuongeza vanishi kidogo kwenye ncha inenepe, au kuchukua kalibu upya mdomo ukiwa wazi zaidi na kurudisha kwa mtengenezaji. Nikamwambia nisubiri. Ncha ikinenepa itashika ninapocheka lakini itabana ninapofunga mdomo, na muda mwingi mdomo wangu umefungwa, mi mpiga besi.

Maiki ya ukumbi

Hili limekua mradi wa fundi mitambo kuliko wangu. Kaweka maiki mbili pembeni ya jukwaa, moja kila upande, zinaangalia watu, haziendi kwenye spika za nje kabisa, zinakuja kwenye masikio yangu tu. Mwanzo alizifungua sana, dramu zikaingia humo na ikawa kazi bure. Akazisogeza mbele zaidi, akakata sauti nene zote zibaki za juu tu, vigelegele na makofi. Sasa nasikia. Vigelegele vya kushoto vinatoka kushoto na vya kulia kulia, na juzi mama mmoja kanitaja kwa jina la utani toka meza ya nyuma nikamsikia wazi nikainua mkono. Mwimbaji akirudia mstari najua anarudia hata kabla hajavuta pumzi, kwasababu nimeusikia ukumbi unavyomtaka.

Kutabasamu nako kumepata suluhu ya kienyeji. Nacheka kwenye nyimbo zile ambazo besi inakaa kwenye nyuzi za juu, kule uvujaji hauumizi sana. Nyimbo za E nanuna.

Jasho, nta na chumvi

Fupi tu hii. Hewa ya hapa ina maji na chumvi, nikizitoa baada ya shoo ndani ya vimirija naona kiukungu. Nafuta na kitambaa kikavu, naziweka ndani ya kopo linalofunga na vile vipakiti vya kukausha vinavokuja kwenye maboksi ya viatu, mfuniko unafungwa zinalala humo. Vipakiti vikichoka nabadili, dada ana viatu vingi. Nta inaziba tundu la sauti upande mmoja na unaweza ukadhani kispika kimekufa, kumbe ni kidonge cha nta, wanakupa kijiwaya chenye kitanzi, unaikwangua ukiwa umeelekeza tundu chini ili isirudi ndani. Sikioni kwenyewe usitie kijiti cha pamba, kinaisukuma nta kule kwenye kona ya pili na wewe ndo unaifata na ganda kuishindilia. Pini za waya nimeziona zimeanza kuwa na kijani, nimeagiza waya wa akiba.

Leo

Jana tumepiga shughuli ndefu Makorora, nimezivaa mwanzo mpaka mwisho, nimezitoa kwenye kula tu. Hakuna alama nyekundu. Masikio hayakulia usiku. Volyumu iko palepale nilipoanzia, na fundi mitambo kaizima monita yangu ya sakafuni, kasema jukwaa zima limetulia kwahiyo hata wengine wanaomba kidogo. Naam bado inalia kichwani ila sishtuki, mama ndo anashtuka maana anasema siku hizi naitika kwa sauti ya chini sana, hanisikii. Kushoto nikicheka bado inavuja.

Mpiga dramu kaniomba namba ya yule mtaalamu. Nimempa, nimemwambia aende nta ikiwa imesafishwa, ang'ate kile kipande mpaka mwisho hata kama mate yanamtoka, na asitafute fundi wa bei nafuu wa kumchukulia kalibu bila kisponji. Anataka kujua kama zinauma. Nimemwambia aje na lipstiki yake.